Mwanamke Anayelia Ndani ya Biti

Kanja, Embu
9 Januari 2024

Mpwa wangu Nkirote,

Nakusalimu, na kupitia kwako namsalimu mama yako, dada yangu Kanini. Mwambie mguu umepona na mkongojo niliuweka kando kabla ya Krismasi, kwa hiyo aache kuwatangazia watu wa Kianjai kwamba nimezeeka. Kahawa tumemaliza kuchuma, ingawa mvua ilizidi na nyingi ilianguka chini ikiwa mbichi. Yule ng'ombe mweusi amezaa ndama dume.

Anti yako Beth yupo. Naandika "yupo" kwa sababu sijapata neno jingine. Tangu tumzike mwanetu Mugendi mwezi wa kumi na moja, anajibu akiulizwa, basi. Umekula? Ndiyo. Twende kanisani? Hapana. Akina mama wa kanisa walikuja kumwona kama ilivyo desturi, na unga wa uji, sukari, majani ya chai, na kila mmoja mzigo wa kuni mgongoni. Alijifungia ndani. Walikaa nje mpaka jua likawachosha, wakatua kuni ukutani, wakaenda. Daktari alisema tumpe muda, nami nampa. Mwaka huu naomba jambo moja tu, nimsikie akianza mazungumzo mwenyewe, hata kama ni ya kunigombeza.

Sasa swali lako. Ulinipigia simu kuuliza ununue nini kwanza kwa kazi yako ya kutengeneza biti, midundo hiyo ya nyimbo zenu, nikakwambia nitakuandikia. Usidhani ni ukaidi wa mwalimu mstaafu. Maneno ya simu hupita kama basi, huwezi kuyarudia kesho. Isitoshe, nikitaka kukutumia sauti, simu huzibana ili zipite haraka, na zikifika zimepoteza nusu ya mwili wake. Heri nizitie kwenye memori kadi, niifunge ndani ya barua, nikupelekee kwa ofisi ya vifurushi ya Runyenjes.

Anza na masikio. Tafuta hedifoni zisizopamba sauti. Zile wanazouza mjini huongeza besi ili mnunuzi afurahi dukani. Utatengeneza biti ukidhani ina uzito, halafu uipeleke kwenye spika za watu usikie imekonda kama mbwa wa sokoni. Pili, kinasa sauti kidogo cha kubeba mkononi. Kompyuta uliyo nayo inatosha. Mashine ya padi, ile ya kugonga kwa vidole, inakuja mwisho. Najua ndiyo unayoitamani, lakini ile ni vidole tu, na vidole unavyo tayari.

Chumba chako nacho ni cha mabati. Usipoteze wakati kubandika trei za mayai ukutani, hazizuii kitu. Tundika blanketi nzito, na uache nafasi ya kiganja kati ya blanketi na ukuta. Nafasi hiyo ndiyo inayofanya kazi.

La mwisho. Kazi ya kukata kipande cha sauti ya ulimwengu na kukitia kwenye muziki haihitaji sauti nzuri. Sauti nzuri ziko tele mtandaoni na kila mtu anazo. Tafuta sauti ambayo mwenyewe hawezi kuitoa mara ya pili.

Ni mimi mjomba wako,
Muchangi

*

Kianjai, Meru
2 Februari 2024

Mjomba,

Shikamoo, na anti Beth pia. Mama amesoma barua yako akacheka, akasema mtu anayetangaza kwamba hajazeeka huyo ndiye amezeeka. Yeye ni mzima. Miraa imeshuka bei, kwa hiyo wanaume wa hapa wanatembea wakiwa na hasira na sisi tunawapisha njiani.

Mambo ya anti nimeyasoma. Mugendi ndiye alinifundisha kutengeneza biti, unajua. Aliniwekea programu kwenye kompyuta akaniambia, "Nkirote, usiguse kitu mpaka nirudi," nikagusa kila kitu. Alicheka mpaka akakaa chini. Bado naifungua programu hiyo kila siku, na bado imeandikwa jina lake juu.

Hedifoni nimepata. Zilikuwa za mtangazaji mmoja wa redio ya Meru aliyehama, zimechubuka lakini hazidanganyi. Nilipozivaa mara ya kwanza nikasikiliza biti zangu za zamani, karibu nizifute zote. Kinasa sauti ninacho, kile nilichokuja nacho Kanja wakati wa mazishi. Blanketi nimetundika, na nafasi nimeacha. Mama anauliza kama naanza kufuga popo.

Sasa kuna mtu anaitwa Njura, anarap, ni wa hapa Meru mjini. Ameandika wimbo wa rafiki zake waliokufa kwa pikipiki. Wako wengi, mjomba. Alikuja akasikiliza kazi yangu akiwa amefumba macho, halafu akaniambia, "Dada, dramu zako ni safi sana. Zinanukia sabuni. Mimi nataka mtu akisikia asimame njiani."

Nikamwambia mimi si askari wa barabarani.

"Basi sitaki biti," akasema, lakini hakuondoka.

Naomba unitumie sauti za nyumbani. Zozote. Hii kazi ikitoka vizuri watu watanijua.

Wako,
Nkirote

*

Kanja
26 Februari 2024

Mpwa wangu,

Natumaini barua hii itawakuta salama. Sisi tunaendelea. Ndama anaruka ua, na nimemaliza kupogoa mikahawa. Juzi Beth alitembea mpaka barabarani akasimama kidogo, akarudi. Sikumuuliza alienda kufanya nini, niliogopa kwamba nikiuliza hataenda tena.

Ndani ya karatasi hii kuna kadi. Utapata mashine ya kumenya kahawa kule kiwandani ikiwaka na ikizimika, mvua ikipiga majani ya mgomba, shoka, lango letu, ambalo nimekataa kulipaka mafuta kwa ajili yako, na kengele ya kanisa. Kengele nilimwomba katekista agonge mara moja tu kisha asisogeze hata mguu, maana utamu wa kengele uko katika mkia wake. Alistahimili kidogo, halafu akapiga chafya. Chafya nimekuachia, labda utaitaka.

Kila sauti nimeitangulizia ukimya. Usiukate ukautupa. Ukimya wa kiwanda si ukimya wa shamba, na ukiziunganisha sauti mbili bila huo, sikio hugundua kwamba limedanganywa hata kama mwenye sikio hajui kwa nini. Kiwango cha kunasa nimekiweka chini kwa makusudi. Sauti ndogo unaweza kuipandisha baadaye, lakini iliyopasuka haishoneki.

Jaribu pia kushusha sauti. Ukiipunguza mwendo, huwa nzito na ndefu. Kengele hugeuka kuwa kitu kinachotoka chini ya ardhi. Sauti ya mtoto huzeeka. Niliwahi kuwafanyia wanafunzi wangu hivyo kwenye mkanda, na msichana mmoja akasikiliza sauti yake mwenyewe, akaniuliza huyo baba ni nani.

Usimkasirikie Njura. Aliyekwambia dramu zako zinanukia sabuni anakusikiliza.

Mjomba wako,
Muchangi

*

Kianjai
11 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mama ni mzima, ila meno yanamsumbua na hataki kwenda kung'oa. Mvua imeanza. Mabati yanapiga kelele, kwa hiyo nafanya kazi asubuhi kabla haijaja.

Wimbo umetoka! Uko kwenye simu za watu, kwenye kinyozi, kwenye maduka ya Maua, na jana niliusikia ukipigwa kwenye stendi ya bodaboda hapa Kianjai, na wale vijana, ambao hunyamaza kwa nadra sana, walikuwa wamenyamaza. Njura amenipigia simu kutoka Nairobi. Watu wawili wameomba biti. Mashine ya kahawa iko chini ya dramu yote, utaisikia ikizunguka. Kengele ndiyo inayofungua. Chafya sikutumia, mwombe katekista msamaha.

Kuna kitu kingine nimeweka ambacho hakikutoka kwenye kadi yako. Nitakueleza tukionana.

Anti anaendeleaje?

Nkirote

*

Kanja
30 Mei 2024

Mpwa wangu Nkirote,

Nakusalimu. Msalimie Kanini, na umwambie jino hung'olewa likiwa moja, akingoja yatakuwa matatu. Hapa mvua ilitukatia barabara ya juu, na maziwa yalimwagwa kwa muda kwa kukosa gari. Ndiyo sababu mojawapo ya kuchelewa kukujibu. Sababu nyingine ni kwamba nilianza barua hii nikaichana, zaidi ya mara moja.

Mwezi huu Beth alibeba mahindi mwenyewe akaenda kusaga sokoni. Karibu na kinu kuna kinyozi anaitwa Gitari, mwenye spika kubwa mlangoni. Gitari alinisimulia mwenyewe. Anasema wimbo wa Njura ulianza, na mama akasimama na debe kichwani. Ulipokwisha akaingia ndani, mahali ambapo mwanamke wa umri wake haingii, akauliza:

"Huyo mama anayelia ni nani?"

"Mama, huyo si mtu," Gitari akamwambia. "Hiyo ni biti."

"Biti hailii. Rudisha."

Gitari akarudisha. Mteja aliyekuwa amenyolewa upande mmoja akalalamika, na Beth akamwambia, "Wewe nyamaza, kichwa chako hakiendi popote."

Alirudi nyumbani, akaweka unga chini, akaja pale nilipoketi nikinywa chai. Hakungoja nimuulize kitu. Alisema, "Baba Mugendi, kuna mwanamke amefiwa." Tukaongea, Nkirote. Tuliongea mpaka chai ikaota ngozi. Alinieleza jinsi huyo mama anavyolia, kwamba hakuna mtu anayemshika, kwamba unasikia hana watu. Tangu siku hiyo huenda sokoni, na kila anaporudi ana la kusema. Nilichokiomba mwezi wa kwanza nimekipata.

Siku iliyofuata nilienda kwa Gitari, nikamwambia nataka kusikia kazi ya mpwa wangu. Ni kazi nzuri. Umeiacha mashine ya kahawa ibebe mzigo bila kujionyesha, na dramu zako sasa zina udongo. Kisha, kila baada ya mzunguko, ikaja ile sauti. Umeishusha sana, na umeikata kabla haijafika mwisho, ndiyo maana inakuwa kama inaanza daima bila kumaliza. Mtu yeyote angesema ni mwanamke mzee asiyemjua. Lakini huwezi kuishusha pumzi ikaacha kuwa pumzi ya mtu. Mwanamke huyo huvuta pumzi akaikata, akavuta tena, ndipo akatoa. Nimeongoza kwaya ambamo anaimba sauti ya pili tangu kabla ya kumwoa. Nilipigana naye juu ya pumzi hiyo miaka yote na sikushinda.

Sikuulizi uliitoa wapi. Mimi ndiye niliyekuomba urekodi mazishi. Mimi pia ndiye niliyekufundisha sauti ipi ya kutafuta. Kwa mara ya kwanza katika ualimu wangu nilitamani kumchapa mwanafunzi kwa sababu amefuata maagizo.

Yeye hajui. Naomba abaki hivyo.

Muchangi

*

Kianjai
8 Juni 2024

Mjomba,

Nimeogopa kuifungua barua yako, nikaifungua, na sasa naogopa zaidi.

Usinifikirie nilifanya kama mchezo. Siku ile nilisimama nyuma ya mashine ya sauti tangu asubuhi. Kila aliyeshika maiki nilimpandisha na kumshusha. Yule mheshimiwa alisema juu ya barabara. Msimamizi wa shughuli akasema tufupishe, wageni wana njaa. Marafiki wa Mugendi walisema alikuwa mcheshi, wakamaliza. Mimi sikulia, nilikuwa naangalia taa za mashine zisifike kwenye nyekundu. Halafu jeneza likashushwa na anti akatoa ile sauti, na ndiyo sauti pekee siku nzima ambayo haikupitia kwenye maiki. Kinasa sauti changu kilikuwa juu ya meza. Kilimchukua.

Niliisikiliza miezi kadhaa kabla ya kuigusa. Njura alipotaka mtu asimame njiani, sikujua sauti nyingine. Niliishusha ili isiwe yeye. Nilidhani nikiishusha vya kutosha itakuwa ya mama yeyote, ya mama wa wale vijana wote wa pikipiki. Kumbe nilitakiwa kuomba ruhusa. Ningeomba vipi, mjomba? "Anti, naomba kilio chako"?

Nimemwambia Njura nataka kuitoa. Akaniambia, "Ukimtoa huyo mama umemtoa mwenye nyumba. Sisi wengine hapo ni wapangaji." Lakini si mtu mbaya. Nilipomweleza ni nani, akasema nifanye nitakavyo. Naweza kuweka wimbo mpya bila sauti hiyo. Ila ule ulio kwenye simu za watu siwezi kuurudisha, na Gitari ataendelea kuucheza mpaka auchoke.

Niruhusu nije nimwambie mwenyewe.

Nkirote

*

Kanja
5 Julai 2024

Mpwa wangu,

Usije.

Nakusalimu kwanza, nisamehe. Kumekuwa na baridi na ukungu hauondoki mpaka mchana. Ndama tumemuuza.

Mambo yamegeuka namna ambayo sikuitarajia. Beth amekuwa akikusanya vitu pembeni mwa kabati. Sukari, majani ya chai, unga wa uji alioutengeneza mwenyewe, wa wimbi na mtama, ameupepeta mara mbili. Nilipomuuliza akanitazama kama mtoto mzito wa kuelewa.

"Vya yule mama," akasema. "Anahitaji kutembelewa."

Amejua kutoka kwa Gitari kwamba wimbo ni wa Meru, na anajua wewe unafanya kazi hizo. Anataka umpeleke. Nimemwambia huenda ni mwigizaji. Akasema mwigizaji halii hivyo. Nimemwambia huenda ni mtu wa mbali, wa Marsabit. Akasema, "Si kuna barabara?" Nimemwambia hata lugha hawataelewana. Akaniuliza kama uji unahitaji mkalimani.

Wewe unajua desturi. Aliyefiwa na mtoto hutembelewa na wanawake, na aliyewahi kufiwa huenda mbele ya wengine, kwa maana yeye ndiye mwenye ruhusa ya kumwambia mwenzake "basi". Yeye aliwafungia mlango wanawake waliokuja kwake. Sasa anataka kwenda kwa mwenzake, na mwenzake ni yeye.

Nimefikiri sana. Daktari alisema asishtuliwe. Anakula, anagombana na majirani, jana aliimba jikoni bila kujua kwamba namsikia. Haya yote yamejengwa juu ya mwanamke ambaye hayupo. Nikimwondoa, sijui nyumba itashikwa na nini. Kwa hiyo nakuomba jambo ambalo mwalimu hapaswi kuomba. Akija kwako, mwambie mama huyo alihama, alichukuliwa na ndugu zake Isiolo, anaendelea vizuri, ana watu. Pokea zawadi, useme utamfikishia.

Amesema atakuja mwezi huu, na sina uwezo wa kumzuia. Nilikataa kumsindikiza nikidhani hataenda peke yake. Ameshaulizia gari.

Muchangi

*

Kianjai
2 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Anti alifika salama Jumanne, na aliondoka Jumatano asubuhi, kama unavyojua. Mama aling'oa jino hatimaye. Nakuandikia kila kitu kama kilivyokuwa kwa sababu sijui yeye amekueleza nini.

Alishuka garini na kiondo kimejaa. Mama akataka kumwekea chai, akakataa. "Nikishamwona ndiyo nitakunywa. Twende." Nikamwambia apumzike kidogo chumbani kwangu kwanza. Ule uongo nilikuwa nimeujifunza vizuri, mjomba. Isiolo, ndugu zake, ana watu. Niliurudia bafuni.

Alikaa kwenye kitanda akatazama blanketi ukutani, kompyuta, waya. Akauliza, "Ni humu?" Nikamwambia ndiyo, wimbo niliutengenezea humu. Akasema kwa Gitari kuna kelele za mashine ya kunyoa, hajawahi kumsikia yule mama vizuri. Nikamvika hedifoni. Nikacheza wimbo.

Alisikiliza wote. Halafu akaniambia, "Ondoa ngoma."

Ningesema haiwezekani. Hajui mambo haya, angeamini. Lakini mkono ulikuwa umeshaondoa. Nikaondoa dramu, nikaondoa mashine ya kahawa, nikamwondoa Njura. Akabaki yule peke yake.

"Alilia hivi?"

"Hapana, anti. Nimemshusha."

"Mrudishe alivyolia."

Nikamrudisha. Hedifoni zilikuwa masikioni mwake kwa hiyo mimi sikusikia kitu, niliona mstari tu ukipita kwenye kioo cha kompyuta, na nilikuwa namtazama yeye. Hakusogea. Aliushika waya kwa vidole viwili kama mtu anayepima uzi. Mstari ulipofika mwisho hakuvua.

"Huyu ni mimi," akasema. Alisema kwa sauti kubwa, kama watu wanavyosema wakiwa wamevaa hedifoni.

Nikapiga magoti. Nikamwambia yote, mjomba, na kwamba wewe ulijua, nisamehe, yalitoka yakiwa yamefuatana na sikuweza kuyakatia katikati. Nikamwambia nitamtoa leo, sasa hivi, nimeshatengeneza wimbo mwingine. Nikaweka mkono kwenye kompyuta aone.

Akanishika mkono.

"Usimtoe," akasema. "Mimi tangu siku ile sijalia tena. Nimejaribu. Huyo bado analia."

Ndipo mama akaingia na shavu limevimba, hajui lolote, akauliza, "Haya, mmeshamwona huyo mama?"

"Nimemwona," anti akajibu.

"Anaendeleaje maskini?"

"Hajapata nafuu."

Mama akasema pole, akaenda kuangalia maziwa. Anti akavua hedifoni, akatoa sukari na unga na majani ya chai kwenye kiondo, akavipanga kwenye meza yangu kimoja baada ya kingine, katikati ya waya. Hakusema ni vya nani. Bado viko hapo. Sijui kama naruhusiwa kuvipika.

Njura nimemwambia wimbo ubaki.

Nkirote

*

Kanja
20 Septemba 2024

Mpwa wangu Nkirote,

Nakusalimu wewe na mama yako. Kahawa imeanza kuiva upande wa bondeni.

Beth alirudi Jumatano ile jioni. Aliniambia, "Ulijua," akaenda kufungua chumba cha Mugendi. Analala huko tangu hapo. Huenda sokoni. Huketi kwenye benchi nje ya kinyozi, na watu wameshajua, kwa hiyo wimbo ukija wananyamaza, na ukiisha anachukua kiondo chake na kuondoka. Pamoja na wanawake wengine huongea kidogo. Mimi nikimuuliza hujibu. Umekula? Ndiyo. Tumerudi pale, isipokuwa safari hii anajua ninachokisikia ninapomsikiliza, na mimi najua kwamba nilimwacha ampepetee unga mtu ambaye nilikuwa naye meza moja. Nilidhani nampa muda.

Unga pika. Mpe na Kanini. Usiuache uingie wadudu.

Nina ombi, na ni la kazi yako. Unayo rekodi nzima ya siku ile. Mimi sijawahi kuisikiliza na sitaisikiliza. Wakati jeneza linashuka nilikuwa nimesimama mbele ya kwaya nikiongoza. Nakumbuka mkono wangu ukipiga mapigo, nakumbuka kwamba sauti ya tatu walikuwa wanachelewa, na kwamba niliwahimiza kwa kidole. Sikumbuki kama nilitoa sauti yoyote. Mtoto wangu alikuwa anaingia ardhini na mimi nilikuwa narekebisha sauti ya tatu.

Vaa hedifoni zako, pita polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, nyuma ya hotuba, nyuma ya nyimbo, hata pale udongo unapoanza kuanguka. Unajua ninavyokohoa, unajua ninavyovuta pumzi. Tafuta kama nimo mahali popote.

Ukinipata, usinitumie. Niandikie tu kwamba nimo.

Muchangi